Kabla ya dawa ya kusawazisha homoni, hesabu siku zako

"Homoni zako zimevurugika." Siku hizi kauli hii ni jibu la kila kitu: chunusi, tumbo la hedhi, kukosa mtoto, kunenepa, ndevu kidevuni, hata hasira. Tiba yake huja kwenye chupa ya lita moja na nusu iliyowahi kuwa ya maji, ndani mna kitu cheusi kichungu, nusu glasi asubuhi na nusu jioni. Zamani tuliita chango. Jina limebadilika, chupa ni ileile.

Sina ugomvi na mitishamba. Tangawizi inafanya kazi, na kipimo chake nitakitaja. Ugomvi wangu ni na hilo neno. Homoni si maji ya tangi, useme yamepungua uongeze. Kuna za ovari, za tezi ya shingo, za ubongo, kuna insulini inayosimamia sukari, na kila moja ikikosea huharibu hedhi kwa namna yake. Tezi ya shingo iliyolala na ile inayokimbia kupita kiasi zote huvuruga siku. Dawa ya kuiamsha moja itamdhuru mwenye nyingine. Kwa hiyo kwanza ujue mwili wako unakosea wapi, na kifaa cha kazi hiyo ni kalenda ya ukutani na kalamu.

Siku ya 1 ni ile ambayo damu inatosha kuhitaji pedi. Matone ya kahawia ya siku iliyotangulia usiyahesabu. Hesabu hadi siku moja kabla ya damu inayofuata. Kwa mwanamke mzima, siku 21 hadi 35 ni kawaida, na si lazima zilingane kila mwezi: 27, kisha 31, kisha 29 ni mzunguko wenye afya. Msichana aliyevunja ungo karibuni anaweza kufika siku 45 kwa miaka miwili mitatu ya mwanzo bila ugonjwa wowote. Damu yenyewe isizidi siku 7 au 8.

Wengi hujiona wagonjwa kwa sababu wanahesabu tarehe badala ya siku. Aliyepata tarehe 2 Julai akapata tena tarehe 30 atalalamika kwamba ameingia mara mbili mwezi mmoja, kisha atatafuta mizizi. Hesabu: ni siku 28 kamili.

Kwenye kalenda hiyo andika pia umebadilisha pedi ngapi kwa siku, kama kuna mabonge, maumivu yalianza lini, na siku ulizoona ute mwepesi unaovutika kama ute wa yai. Ute huo huonyesha yai linakaribia kutoka, na hedhi hufuata baada ya wiki mbili hivi. Anayeuona kila mwezi, na siku zake zinakuja kwa mpangilio, kwa kawaida mayai yake yanapevuka, hata muuza dawa aseme nini. Miezi mitatu ya kumbukumbu hizi ina thamani kuliko maelezo ya nusu saa mbele ya daktari.

Hedhi ikichelewa, pima mimba kabla ya kunywa kitu chochote. Kipimo cha mkojo kikifanywa wiki tatu baada ya tendo la mwisho lisilo na kinga, jibu lake ni la kuaminika. Ukishajua si mimba, jiulize umetumia nini. P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, inaweza kusogeza hedhi kwa wiki moja mbele au nyuma. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huweza kuikatisha kabisa, na damu hiyo haijajaa tumboni kama watu wanavyoogopa: utando wa ndani ya kizazi umekuwa mwembamba, hakuna cha kutoka. Baada ya kuacha sindano, wengi huchukua miezi 9 hadi 10 tangu ile ya mwisho kabla ya kushika mimba. Anayeuziwa "dawa ya kusafisha sindano" mwezi wa tatu, akapata mimba mwezi wa kumi, ataisifia dawa.

Sasa tumbo la hedhi, ambako jikoni kuna msaada wa kweli. Utando wa kizazi unapobomoka hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini. Ndizo zinazokibana kizazi kijikamue, na zikizidi huleta pia kichefuchefu na kuharisha. Hupanda zaidi siku mbili za mwanzo. Majaribio ya tangawizi kwa wanawake wenye maumivu haya yalitumia zaidi unga mkavu, kati ya miligramu 750 na 2,000 kwa siku, kwa siku tatu au nne za mwanzo. Kwa kipimo cha jikoni ni nusu kijiko cha chai asubuhi na nusu jioni, kijiko kikisawazishwa juu kwa kisu. Kila nusu ni kama gramu moja. Koroga kwenye uji. Chai ya tangawizi ya mgahawani haifiki huko, kipande kimoja kimechemshiwa birika zima. Ukitumia mbichi, chukua kipande cha dole gumba, gramu 10 hivi, kikwangue, kichemke taratibu dakika 10, unywe na machicha yake. Mwenye kiungulia itamsumbua, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiiguse kwa kipimo hiki bila kumuuliza daktari wake.

Kosa kubwa ni kusubiri. Mtu huvumilia mpaka anajikunja kitandani, ndipo anachemsha tangawizi, kisha anasema haifanyi kazi. Prostaglandini zikishamwagika, umechelewa. Anza dalili ya kwanza inapoingia, au siku moja kabla kama kalenda inakuambia. Ndivyo ilivyo pia kwa ibuprofeni: miligramu 400 baada ya kula, kila baada ya saa 6 hadi 8, isizidi 1,200 kwa siku bila ushauri. Wenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayoamshwa na dawa za aina hiyo waikwepe. Kumeza kidonge cha ibuprofeni si kuusaliti uasilia. Kinazuia kemikali ileile tunayoifukuza kwa tangawizi.

Joto nalo si la kudharau. Kwenye majaribio, joto la nyuzi 40 hivi chini ya kitovu lilikaribiana na ibuprofeni. Tumia mfuko wa mpira wa maji moto, au chupa ngumu. Chupa laini ya maji ya dukani hulegea, kizibo kikaachia, na wapo wanaoungua paja kwa njia hiyo. Maji yasiwe ya kuchemka, funga kwa kanga, dakika 20 hadi 30, pumzika, rudia. Mazoezi ya dakika 45 hadi 60 mara tatu kwa wiki hupunguza maumivu ya miezi ijayo, hata kama ni kutembea kwa kasi tu.

Ila kuna maumivu ambayo si ya kuchemshia tangawizi. Yanayoanza siku kadhaa kabla ya damu, yanayochoma ukienda haja kubwa au wakati wa tendo la ndoa, yanayomkosesha binti shule kila mwezi hata akimeza dawa: hapo fikiria endometriosisi, tishu inayofanana na utando wa kizazi kuota nje ya kizazi. Na ujue kwamba altrasaundi ikiwa safi, ugonjwa huo haujaondolewa kwenye hesabu.

Kuhusu damu nyingi niseme jambo moja ambalo kina mama wengi hawaliunganishi na hedhi: hamu ya kutafuna udongo, mchele mbichi au barafu. Mara nyingi ni dalili kwamba madini ya chuma yamekwisha mwilini, na udongo wenyewe huzuia hata yale kidogo yaliyo kwenye chakula. Pedi inayolowa ndani ya saa moja au mbili, mabonge yanayozidi sentimita 2.5, au damu ya zaidi ya siku 8, hapo pima wingi wa damu na upigwe altrasaundi, kwani uvimbe wa kizazi uko mwingi kwa wanawake wetu. Mchicha na kisamvu vina chuma, lakini mwili hukichukua kwa shida. Kamulia limau au kula na embe, nyanya, chungwa. Chai isogezwe angalau saa moja mbali na mlo. Hii ndiyo ngumu kwetu, kwa sababu chai na maharage asubuhi ni ndugu. Ukipewa vidonge vya chuma vikakuchafua tumbo, mwulize daktari kuhusu kumeza siku moja ukiruka moja. Mwili hukifyonza vizuri zaidi hivyo. Choo kikiwa cheusi usishtuke.

Ugonjwa ambao kweli unastahili kuitwa wa homoni, na ulio mwingi, ni PCOS, yaani ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi. Unakadiriwa kuwapata wanawake 8 hadi 13 kati ya 100 walio katika umri wa kuzaa. Hutambuliwa kwa mambo mawili kati ya matatu: hedhi za kurukaruka, dalili au vipimo vya homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vifuko vingi kwenye altrasaundi. Hivyo "vifuko" si uvimbe wa kukatwa wala wa kuyeyushwa kwa mitishamba. Ni mayai yaliyoanza kukua yakaishia njiani. Na picha peke yake haitoshi, hasa kwa binti ambaye hajapitisha miaka 8 tangu avunje ungo. Ovari za umri huo huonekana hivyo zikiwa nzima kabisa.

Kwa wengi nyuma yake kuna insulini iliyozidi, inayozichochea ovari kutoa homoni za kiume. Ndiyo maana chakula hapa ni tiba kweli. Kwa mwenye uzito mkubwa, kupunguza asilimia 5 kunaweza kurudisha yai: kwa mtu wa kilo 80 ni kilo 4, wala si 20. Anza na vinywaji. Soda ya mililita 350 huwa na sukari vijiko vya chai 8 au 9. Kisha sahani: nusu iwe mboga, robo maharage, samaki au nyama, robo ugali, na ugali wa dona badala ya sembe. Kula mboga na maharage kwanza, ugali mwisho. Sukari hupanda polepole zaidi. Ongeza dakika 150 za kutembea kwa kasi kila wiki.

Watu hutaja mdalasini na uwatu. Vyote huweza kushusha sukari kidogo, kwa hiyo anayemeza dawa za kisukari awe macho, na uwatu kwa kipimo cha dawa si wa mjamzito. Mdalasini uutazame kabla ya kununua. Ule wa kasia, ambao ndio mwingi madukani, ni gome moja nene gumu lililojikunja, na una kumarini inayoweza kuumiza ini ukila vijiko kila siku. Mdalasini wa kweli, ule wa Ceylon, ambao hata Zanzibar unalimwa, una matabaka membamba mengi kama karatasi zilizoviringishwa, na huvunjika kwa vidole. Uwe kiungo cha uji. Usiutegemee kuleta yai.

Makosa mawili ya PCOS yanaumiza. La kwanza, kukaa zaidi ya miezi mitatu bila hedhi na kufurahia kuokoa pedi. Utando wa kizazi unaendelea kunenepa, na baada ya miaka unaweza kugeuka saratani. Kuna vidonge vya kuuleta chini, viulizie. La pili, kuamini huwezi kushika mimba. Uzito ukipungua yai hurudi kimyakimya, kabla ya hedhi ya kwanza, na mimba ikaingia hapohapo. Nywele za kidevuni zipe miezi 6 kabla ya kuhukumu tiba yoyote, kwa kuwa unywele ulioshaota haurudi ndani.

Vipimo vya damu ni pesa nyingi, na nyingi hupotea kwa kupima siku isiyofaa. FSH na LH, homoni za ubongo zinazoziamrisha ovari, pamoja na estrojeni ya ovari, hupimwa siku ya 2 hadi ya 5 ya hedhi. Projesteroni, inayoonyesha kama yai lilitoka, hupimwa siku 7 kabla ya hedhi inayofuata: siku ya 21 kwa mwenye mzunguko wa 28, lakini siku ya 28 kwa mwenye wa 35. Huyu wa pili akipimwa siku ya 21 ataambiwa yai halipevuki, naye hana tatizo. Prolaktini, homoni ya maziwa, ipimwe asubuhi umetulia. Dawa ya kuzuia kutapika ya metoklopramidi huipandisha, na hofu pia. Vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini huharibu majibu ya tezi ya shingo, viache siku mbili au tatu kabla.

Kujifukiza ukeni hakufikishi mvuke kwenye kizazi. Kunachoma ngozi. Lulu, vile vifurushi vya mitishamba vya kuingiza ukeni, huleta maambukizi, na ule "uchafu" unaotoka nazo ni ukuta wa uke ukilalamika. Dawa za kunenepesha zenye deksamethasoni huvuruga homoni kwa kweli, na kuziacha ghafla baada ya muda mrefu ni hatari ya uhai.

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 na Baraza lake, kwa hiyo una haki ya kumwuliza muuzaji namba ya usajili na jina la mmea. Akikujibu "ni mchanganyiko wa miti 41", mwombe aiandike. Na ukienda kliniki, beba kalenda yako pamoja na hiyo chupa, usiifiche kwa aibu. Figo na ini vikianza kulalamika, daktari atahitaji kujua ulikunywa nini, na kwa siku ngapi.