Maji ya kisima Iowa: usichemshe, pima

Wiki tuliyohamia nyumba hii ya kupanga hapa Iowa, Marekani, katikati ya mashamba ya mahindi, bibi mmoja wa jirani aligonga mlango akiwa na madumu ya maji. Hatukuwa tumewahi hata kusalimiana. Alikuwa amemwona mke wangu na mtoto mchanga. Akasema: mtoto msimkorogee maziwa ya kopo kwa maji ya kisima hiki mpaka yapimwe. Akatuachia na namba ya ofisi ya afya ya kaunti. Wakaja, wakachukua sampuli bila kudai hata senti. Majibu yakaonyesha naitreti, kemikali ya nitrojeni isiyoonekana kwa macho, imevuka miligramu 10 kwa lita, ambacho ndicho kikomo cha sheria ya Marekani kwa maji ya umma.

Mungu ambariki yule bibi. Lakini naandika kwa hasira, maana kumbe kisima cha binafsi hakimo katika sheria ile. Maji ya mjini yanapimwa na wenye mamlaka. Ya kwako, shauri yako. Na sisi tuliolelewa kwa maji ya kuchemsha ndio tuko hatarini zaidi. Ukichemsha, maji yanapungua lakini naitreti inabaki palepale, kwa hiyo inakuwa kali zaidi. Mtoto wa chini ya miezi sita akinywa, damu yake inaweza kushindwa kubeba oksijeni na akaanza kubadilika rangi kuwa bluu.

Inatoka wapi? Iowa ina watu milioni 3 na kidogo, na nguruwe zaidi ya milioni 20. Barabarani huwaoni. Wamo kwenye mabanda marefu yenye sakafu ya matundu, na samadi yao inadondokea kwenye shimo la zege chini yao, hukaa humo miezi na miezi, kisha mavuno yakiisha inafyonzwa na kumwagwa mashambani. Samadi yenyewe haina ubaya, mahindi yanaitaka. Ikizidi kile ambacho mahindi yanaweza kutumia ndipo balaa linapoanza: naitreti inasombwa na mvua, inapita kwenye mabomba ya kukaushia shamba yaliyofukiwa ardhini hadi mtoni, na nyingine inazama mpaka visimani. Mbolea ya dukani nayo imo, sikatai.

Msidhani hakuna sheria. Sheria ya Maji Safi ya 1972 inawataja wafugaji wakubwa wa mabandani waziwazi, wakiwa pamoja na viwanda. Ukiwa na nguruwe 2,500 wa kilo 25 kwenda juu, wewe ni mkubwa. Lakini sheria hiyohiyo inayaacha nje maji ya mvua yatokayo mashambani. Samadi ikivuja kutoka shimoni hadi mtoni ni kosa. Ikishamwagwa shambani kwa kufuata mpango ulioandikwa, mvua ikaisomba, hakuna wa kushikwa. Serikali kuu ilitaka mwaka 2003 wakubwa wote waombe kibali cha kumwaga uchafu mtoni, mahakama ya rufaa ikakataa 2005. Ikajaribu tena 2008 kwa njia nyingine, ikagonga mwamba 2011. Mfugaji akisema hamwagi kitu mtoni, ni kazi ya serikali kuthibitisha kwamba anamwaga.

Jimboni ni hivyohivyo. Banda la nguruwe wakubwa 2,500 linahitaji kibali cha ujenzi, na kaunti inaruhusiwa kulitathmini kwa alama; likipata 440 kati ya 880 limepita. Nusu tu! Hata kaunti ikipinga, uamuzi ni wa jimbo. Na ukitaka kukwepa hayo yote, unajenga la nguruwe 2,499. Mabanda ya namba hiyo yamejaa huku. Nguruwe mmoja pungufu, na jirani hana pa kusemea.

Mji mkuu wa jimbo wenyewe umeshindwa. Mamlaka ya maji ya Des Moines ina mtambo maalumu wa kuondoa naitreti tangu miaka ya mwanzo ya 1990, na kuuendesha kunakula maelfu ya dola kwa siku. Mwaka 2015 walizishtaki wilaya za mifereji, yaani vyombo vinavyosimamia ukaushaji wa mashamba, za kaunti tatu zilizo upande wa juu wa mto. 2017 kesi ikatupwa. Juni 2025 watu wa huko wakakatazwa kumwagilia nyasi za nyumbani kwao ili mitambo isizidiwe. Anayelipa ni mwenye ankara ya maji, wakati aliyejaza mto halipi kitu.

Wadogo zangu mnaokuja kufanya kazi kwenye machinjio ya huku, nyumba za shambani ni rahisi na zitawavuta. Kabla ya kutoa amana, ombeni karatasi ya vipimo vya kisima. Kama haipo, pigieni ofisi ya afya ya kaunti. Kaunti nyingi za Iowa hupima bure. Chujio la kawaida la mtungi halisaidii kwa naitreti, tafuteni mashine ya osmosisi ya kinyume (reverse osmosis), inayosukuma maji kupitia utando mwembamba, ifungwe chini ya sinki, na gharama yake ijadiliwe na mwenye nyumba kabla ya saini. Wetu amekubali kulipa nusu. Nusu nyingine bado tunabishana.