Majamvi 12 ya Eishoji

Ukitoka kituo cha treni cha Inaricho, Tokyo, unapokelewa na maduka ya madhabahu za Kibudha, moja baada ya jingine, makabati meusi yanayong'aa yamepakwa dhahabu ndani. Hekalu la Eishoji nililipita mara mbili bila kulijua. Nilitarajia lango la kutisha; kumbe limebanwa katikati ya majengo ya watu, na uani kuna jiwe la kumbukumbu. Mimi niliyejifunza judo Unguja, kwenye ukumbi ambao unalowa jasho hata hujasalimiana na wenzio, jina la hekalu hili nimelisikia tangu nilipofunga mkanda mweupe. Nikasimama pale na begi mgongoni kama mtu aliyefika kwa wakwe akakuta hawapo.

Hapa ndipo Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, alipotandika majamvi 12 mwaka 1882, akiwa na miaka 21 na wanafunzi 9. Akapaita Kodokan, nyumba ya kujifunzia njia. Alikuwa mfupi, mwembamba, na shuleni alionewa mno. Ndiyo maana alitafuta jujutsu, mieleka ya kale ya Kijapani. Tabu ilikuwa kumpata wa kumfundisha. Zama za samurai zilikwisha, kubeba panga kulipigwa marufuku mwaka 1876, na jujutsu ilionekana mambo ya kizamani. Kano alianza kuulizia kwa waganga wa mifupa, kwa kuwa mabingwa wengi wa zamani waliishi kwa kuunga viungo. Hivyo ndivyo alivyofika kwa Fukuda Hachinosuke. Siku moja alimuuliza Fukuda mtupo fulani unafanywaje. Mzee akamwangusha. Akauliza tena, mkono uende wapi, mguu uende wapi? Akaangushwa tena. Jibu likawa kwamba ataelewa akishaufanya mara maelfu.

Pale Eishoji nako mambo hayakuwa shwari. Vijana walivyokuwa wakibwagana, vibao vya majina ya marehemu vilidondoka kwenye madhabahu na mbao za sakafu zikavunjika. Usiku Kano aliingia uvunguni na taa kuzitengeneza. Kuhani, maskini, alilalamika, na nani angemlaumu?

Watu hupenda kusema judo ni kulegea tu, na "ju" kweli ina maana ya ulaini. Kano alilieleza kwa hesabu. Mwenzako ana nguvu 10, wewe 7. Ukishindana naye kifua kwa kifua, umekwisha. Anapokusukuma, rudi nyuma naye. Mizani yake ikishapotea, zile 10 zinakuwa labda 3, na wewe bado una 7 zako. Hapo hata mtama mwepesi unamlaza chini. Lakini Kano mwenyewe aliona hesabu hiyo haitoshi. Mtu akikukaba roba kwa nyuma, utamfuata wapi? Ndipo akaja na neno pana zaidi, seiryoku zen'yo, kutumia nguvu ulizonazo mahali panapofaa na kwa kiasi kinachofaa. Kulegea ni njia mojawapo tu.

Kutoka Eishoji nilitembea hadi kituo cha Ueno-Okachimachi, nikapanda treni ya chini ya ardhi hadi Kasuga. Kodokan ya leo ni jengo la ghorofa, sanamu ya Kano iko nje. Ghorofa ya saba kuna ukumbi wa majamvi 420. Niliinama mlangoni nikajiona mdogo kama sisimizi.

Jioni ile, mazoezini, alinichagua mzee mmoja mwenye nywele nyeupe na masikio yaliyovimba kama maandazi. Nikashika ukosi wake, nikashika mkono wa koti, nikasukuma. Sikuona alichofanya. Niliona taa za darini tu. Nikamuuliza kwa ishara: vipi? Akatabasamu, akanitupa tena.

Kilichobaki kichwani mwangu ni ule mkono wake wa kulia. Kila aliponiangusha, alilivuta koti langu juu sekunde ile ile mgongo unapokaribia chini, ili nisitue na bega. Msemo wa pili wa Kano, jita kyoei, kustawi pamoja mimi na wewe, nilikuwa nikiuona kama maneno ya kupamba ukuta. Mzee yule hakunihubiria. Alishika nguo yangu basi. Bega lililoniuma nililiumiza mwenyewe, nilipokataa kuanguka.

Kesho yake nilikwenda Yokohama, kwenye bustani ya Yamashita, ambako meli ya Hikawa Maru imefungwa kama makumbusho. Mwaka 1938 Kano alikuwa akirudi nayo kutoka Kanada. Kabla ya hapo alikuwa Kairo, kwenye mkutano wa Kamati ya Olimpiki, akiutetea mji wa Tokyo uandae michezo ya 1940, ambayo vita iliifuta. Tarehe 4 Mei, siku mbili kabla ya kufika bandarini, alifariki baharini akiwa na miaka 77. Nilipanda ngazi za meli nikijishikiza kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia haukunyanyuka.

Nikiwa kwenye benchi simu ikalia. Mwenzangu wa mazoezi, kutoka Unguja.

"Haya kaka, umewatupa Wajapani?"

"Nimetupwa na babu."

"Mara ngapi?"

"Za mwanzo nilihesabu."