Kawa la Bibi

Hapa Bombo bibi yangu amemaliza kusuka kawa, kile kifuniko cha chakula. Anaishi chumba kimoja, bati linavuja, lakini rangi za lile kawa! Nyekundu, zambarau, kijani, zinazunguka kutoka katikati kama maji yaliyotupiwa jiwe. Hachori kwanza, anahesabu kwa vidole tu. Nikamwuliza kwa nini haliuzi.

"Mjukuu wangu, macho nayo yanataka kula."

Nikakumbuka nguo za Buganda za gome la mti wa mutuba, zinazopondwa kwa nyundo za mbao. Za wafalme na machifu zilitiwa rangi nyeupe au nyeusi. Za watu wa kawaida zikabaki na wekundu wa udongo. Mimi naupenda ule wekundu.

Jioni tulifunika posho, yaani ugali, kwa lile kawa. Jirani akaja kuliangalia, akakaa mpaka isha.