Mwendo uandikwe kwenye kadi

Kwa muda mrefu, katika zahanati ya kijiji ninakofanya kazi, milimani Usambara, nilikuwa nikimuaga mgonjwa wa shinikizo la damu au kisukari kwa maneno yaleyale: punguza chumvi, fanya mazoezi. Aliitikia kwa kichwa, akapokea dawa zake, akaenda. Siku moja mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mimi nimeshika jembe tangu sijaota ndevu, leo unataka nikakimbie barabarani?"

Kijijini kwetu mazoezi ni jambo la vijana wa mpira na watu wa mjini. Nilipomhoji siku yake inavyokwenda, nilibaini kwamba shamba alikwisha kuwaachia wanawe, maji ya bomba yamefika uani, na gulioni huenda kwa bodaboda, ambayo ndiyo iliyomleta hata kliniki. Mwendo uliomlinda miaka yote ulikuwa umeondoka, na hakuna kati yetu aliyeuona ukiondoka.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za shughuli ya wastani kwa wiki, na kulima, kukata majani ya ng'ombe na kwenda sokoni kwa miguu vyote vinahesabika. Kwa hiyo sasa ninauliza kwanza: jana ulitembea kutoka wapi hadi wapi? Kisha ninaandika kwenye kadi, chini ya dawa, kama dozi: kutembea dakika 30, siku 5 kwa wiki, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Na mzee yule tulikubaliana kwamba gulioni aende kwa miguu, kwa kuwa njia ni ya mteremko, na kurudi apande bodaboda mpaka mwili uzoee.

Dozi hii nayo ina tahadhari zake. Anayetumia insulini ninamkumbusha ale kwanza na abebe sukari kidogo, isije sukari ya damu ikamshuka njiani. Mwenye kisukari ninamkagua nyayo, kwani ganzi humficha kidonda, na kandambili hazimfai kwa safari ndefu. Anayebanwa kifua akitembea simwandikii mwendo, ninampa rufaa. Haya yote huchukua dakika chache, ambazo siku ya foleni ndefu ni nyingi, lakini naamini zinastahili.

Mwezi uliopita mzee yule alinikabidhi kadi yake kabla sijauliza; mjukuu wake alikuwa amemwekea alama ya penseli kila siku aliyotembea.