Oldupai, na Mwanzo sura ya kwanza

Ukipita lango la Lodoare, barabara inapanda msituni ndani ya ukungu, inafuata ukingo wa kreta ya Ngorongoro, halafu inateremka kwenye nyanda kavu za kuelekea Serengeti. Baridi tuliiacha juu. Tulifika Oldupai, korongo maarufu kwa mabaki ya watu wa kale, jua likiwaka, vumbi limetujaa sote: wanakwaya, wazee wa kanisa, na mwinjilisti wetu mstaafu, aliyekubali kuja kwa sharti kwamba tukitoka huko tuzungumze bila kufichana.

Chini kabisa ya korongo kuna mwamba mweusi wa lava. Juu yake yamelala matabaka ya majivu ya volkeno na tope la ziwa la kale, moja jekundu kama tofali. Mwongozaji alitueleza umri unavyopimwa: ndani ya majivu mna potasiamu, na sehemu yake hugeuka kuwa agoni, aina ya gesi, kwa kasi isiyobadilika. Ukipima agoni, unajua majivu yalitua lini. Tabaka la chini lina kama miaka milioni 1.75, na humo ndimo mtafiti Mary Leakey alimoliona fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, tarehe 17 Julai 1959. Wazee walichangamka kusikia kwamba mumewe, Louis, alizaliwa Kabete, mtoto wa wamisionari wa Kianglikana.

Kwenye makumbusho tulisimama muda mrefu mbele ya nakala ya nyayo za Laetoli, nyayo za viumbe wa kale waliotembea kwa miguu miwili kama sisi, zilizofukuliwa mwaka 1978. Zina zaidi ya miaka milioni 3.6. Kisigino kinaonekana, kidole gumba kinaonekana. Binti mmoja wa sauti ya kwanza akauliza, "Baba mwinjilisti, hawa walikuwa na Mungu?"

"Mungu alikuwa nao," akajibu. "Kama wao walimjua, mwanangu, hilo sijui."

Jibu hilo nalishika kwa mikono miwili. Mwanzo 1:24 Mungu anasema, "Nchi na izae kiumbe hai." Anaiamuru nchi, nayo inazaa, haikuandikwa izae kwa muda gani. Augustino wa Hippo, Mwafrika mwenzetu, aliwaonya Wakristo zamani wasiinene dunia kwa ujinga wakitumia Maandiko kama kinga. Na mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alisema evolusheni, yaani fundisho kwamba viumbe hubadilika polepole kizazi hadi kizazi, ni zaidi ya dhana tu. Kwangu mimi, anayemwomba kijana achague kati ya Kristo na yale mawe anamfukuza kanisani bila sababu.

Ugumu wa kweli uko Warumi 5:12, na mwinjilisti aliuweka mezani tukiwa bado njiani: ikiwa mauti iliingia kwa dhambi, mifupa ile yote ilikufa kwa nini? Mimi nasema Paulo anazungumzia mauti ya kutengwa na Mungu. Yeye anasema hapana, kaburi la Yesu lilikuwa kaburi la mwili, na ufufuko vivyo hivyo. Hoja yake ni nzito, sijaipatia jibu linaloniridhisha. Tumekubaliana kila mtu asome Warumi 5 na 1 Wakorintho 15, tuendelee Jumapili baada ya ibada.