Nilivyojenga baiskeli ya resi kwa vitu vya mtumba mtandaoni kwa kufuatilia resi tu

Kuna ushauri nimeusikia mpaka umenikera: "achana na kuangalia mashindano, wale wanalipwa, we nunua baiskeli mpya ya kawaida uendeshe." Na mwingine unasema mtumba wa mtandaoni ni utapeli mtupu, usijaribu. Nimeamua kuandika uzoefu wangu kwa sababu ningewasikiliza hao watu mpaka leo ningekuwa nadunduliza. Baiskeli ninayoendesha sasa ni fremu ya kaboni, magurudumu ya kaboni, gia za daraja walilokuwa wanatumia mabingwa miaka michache nyuma, na karibu yote imetokana na kununua na kuuza vitu vilivyotumika. Sina mjomba mwenye duka. Ninachofanya ni kufuatilia resi za barabarani kuanzia Tour Down Under kule Australia mwezi wa kwanza mpaka Il Lombardia mwezi wa kumi, na nasema kwa uhakika kabisa, anayefuatilia resi anajua bei inaelekea wapi kabla muuzaji mwenyewe hajajua.

Breki ndo zilinifungua macho. UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, waliruhusu breki za diski (zinazobana sahani ya chuma katikati ya gurudumu) kwa majaribio mwaka 2015, mwaka uliofuata zikasimamishwa baada ya Francisco Ventoso kuumia mguu kwenye Paris-Roubaix na kusema diski ndo imemkata, halafu 2018 zikaruhusiwa moja kwa moja. Egan Bernal alibeba Tour de France ya 2019 akiwa bado na breki za rimu, zile zinazobana ukingo wa gurudumu wenyewe. Lakini ukiangalia vizuri ulikuwa unaona timu moja baada ya nyingine inahamia diski, na mimi nikajua hawa watu wote wanaopenda kufanana na timu zao wataanza kuyauza magurudumu ya zamani kwa pamoja, na vitu vikiuzwa kwa pamoja bei inaanguka. Ndo ilivyokuwa. Magurudumu ya kaboni ya breki za rimu, mepesi, habu (kitovu cha gurudumu) safi, yakawa yanatolewa kwa bei ambayo zamani ungepata tairi na cheni tu. Nikachukua. Sikuchukua kila kitu lakini, maana rimu ya kaboni iliyopata moto sana kwa kushuka milima mirefu huwa inavimba au kupata mapovu pale breki inapobana, kwa hiyo naomba picha ya karibu sana ya ule ukuta wa breki, pande zote, na video gurudumu likizunguka. Asiyetaka kutuma video ya sekunde chache namuaga kwa heshima.

Yale magurudumu nikayaendesha msimu mzima kwenye baiskeli yangu ya zamani halafu nikayauza kwa faida kwa mtu wa mbio za kupanda mlima, maana wale bado wanajali gramu na breki za rimu ni nyepesi kuliko diski. Mzigo ni ule ule, mnunuzi tu ndo tofauti.

Sasa Machi 2022. Matej Mohorič anashinda Milano-Sanremo kwa kushuka kilima cha Poggio kama kichaa, na siri yake ilikuwa sitiposti (nguzo ya siti) ya kushuka na kupanda kwa kubonyeza, ile ya watu wa baiskeli za milimani. Mimi nilikuwa nayo moja, ya kipenyo cha mm 27.2 ambacho kinaingia kwenye fremu nyingi za barabarani zenye bomba la mviringo, imelala kwenye boksi, nilipewa kama nyongeza nilipobadilishana usukani. Usiku ule ule nikaipiga picha, nikaandika kipenyo, urefu, inashuka kiasi gani, na nikaweka kichwa cha tangazo kinachotaja Poggio. Kesho yake watu wanagombania! Wikiendi iliyofuata Biniam Girmay wa Eritrea akashinda Gent-Wevelgem, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda resi kubwa ya aina ile, mimi nashangilia huku nafunga mzigo wa sitiposti. Siku ile sitaisahau.

Kuuza lakini hakukuanza hivyo. Mwanzoni nilifuata maneno ya jamaa aliyejiita mzoefu, akaniambia "weka picha moja kali, usiandike mengi, panga bei juu ili wakushushe." Tangazo likakaa na kukaa. Wanaokuja wanauliza tu "bei ya mwisho?" halafu kimya. Nikaachana na ushauri ule nikaanza kuandika vitu vyote ambavyo mimi mwenyewe ningetaka kuulizia. Kwa mfano cheni. Hesabu pini 24 kutoka pini ya kuanzia, kwenye cheni mpya umbali huo ni inchi 12 kamili, sawa na mm 304.8. Ikizidi kwa asilimia 0.5, yaani kama mm 1.5 hivi, cheni ya gia 11 au 12 imechoka na inaanza kula kaseti, yale meno ya gia za nyuma. Mimi natandika rula juu ya cheni, napiga picha, naweka kwenye tangazo. Mikwaruzo naipiga picha kabla ya uzuri. Watu wakaacha kuuliza bei ya mwisho wakaanza kuuliza "unatuma lini?"

Na muda wa kutangaza una maana sana. Vitu vya kupanda milima natangaza mwezi wa saba jioni ya hatua (siku moja ya resi) kubwa ya milima kwenye Tour, watu ndo wametoka kuangalia, damu imechemka. Kununua nanunua baada ya Lombardia msimu ukiisha, wakati watu wanaweka baiskeli pembeni na wengine wanataka nafasi ya baiskeli ya mwakani.

Tuje kwenye fremu, hii ndo naipenda kuisimulia.

Kulikuwa na tangazo: "Baiskeli halisi ya timu, imekimbia Tour de France 2014." Rangi za timu, sahihi ya mchezaji kwenye bomba la juu, bei ya kukatisha tamaa. Chini yake watu wanahimizana chukua haraka, kitu cha makumbusho hiki. Mimi nikaikuza picha. Breki za diski! Kalipa, kibano cha breki, imekaa pale nyuma kushoto kabisa bila wasiwasi. Sasa majaribio ya diski kwenye resi za barabarani yalianza 2015, hiyo ya 2014 ilikimbia Tour ipi? Sikusema kitu. Nikamwandikia taratibu, "habari kaka, hongera kwa baiskeli nzuri, hii ilikimbia hatua ipi hasa?" Akajibu bila kusita, ile hatua ya mawe na mvua ya kwenda Arenberg, Vincenzo Nibali aliyekuja kuibeba Tour ile alipowaacha wenzake. Na kweli hatua hiyo ipo, ni ya tano, kuanzia Ypres, Lars Boom alishinda, Nibali akamaliza wa tatu na Chris Froome akajitoa siku hiyo baada ya kuanguka. Jamaa alikuwa amejisomea. Nikamuuliza, na diski je? Akanijibu eti kwa sababu ya mvua timu iliruhusiwa kuweka diski siku hiyo.

Hapo nikajua nimemshika. Nikaomba picha ya namba ya fremu chini ya kranki (mikono inayoshika pedali), na picha ya baiskeli ikiwa na karatasi yenye tarehe ya siku ile. Akatuma zote, pamoja na stika ndogo ya UCI akidhani ndo itanimaliza. Ile stika inamaanisha modeli ya fremu imeidhinishwa kwa mashindano, hata fremu za dukani wanazo, haithibitishi kwamba ilikuwa ya timu. Nikaingia kwenye katalogi za zamani za kiwanda, modeli ile ya diski imeanza kuuzwa 2017. Nikapanga ushahidi wangu wote vizuri, mwaka wa sheria, katalogi, namba, nikamtumia kwa adabu na mwisho nikaandika: kama fremu ya kawaida ya 2017 iliyotumika, nitakupa bei hii.

Kimya. Siku zikapita. Tangazo likatolewa. Halafu akarudi mwenyewe, "sawa, tufanye."

Najua mtaniuliza kwa nini ninunue kwa mtu aliyesema uongo. Kwa sababu fremu yenyewe haikuwa na tatizo, uongo ulikuwa kwenye historia tu, na nililipa kwa mfumo ambao pesa inashikiliwa mpaka nithibitishe mzigo. Hilo sibadilishi kwa mtu yeyote, awe mpole kiasi gani. Kabla sijathibitisha niliipitia fremu yote kwa sarafu, unagonga polepole kila sentimita, mlio mkali na mkavu ni salama, ukisikia mlio umefifia ghafla sehemu moja kuna tabaka limeachana ndani. Nilitumia muda mrefu zaidi kwenye maungio ya nyuma na pale kichwani usukani unapoingia, toa uma wa mbele uangalie pia ndani, nyufa hupenda kujificha hapo. Ilikuwa nzima kabisa. Ndo ninayoiendesha.

Gia zilikuja kwa njia ile ile. Mwaka 2021 kampuni ya Shimano walipotoa Dura-Ace na Ultegra, gia zao za madaraja mawili ya juu, za gia 12 wakazitoa za umeme tu, waliotaka mpya wakaanza kuachia za gia 11 za kuvuta kwa waya, seti nzuri kabisa. Nikakusanya moja moja. Kranki ndo ya kuangalia sana hapa. Septemba 2023 Shimano wenyewe walitangaza ukaguzi wa kranki za muundo wao wa Hollowtech II za madaraja hayo mawili zilizotengenezwa kabla ya Julai 2019, maana vipande viwili vilivyogandishwa kwa gundi vinaweza kuachana. Namba zake ni FC-6800, FC-R8000, FC-9000, FC-R9100 na FC-R9100-P. Mgongoni mwa mkono wa kranki kuna herufi mbili za tarehe ya kutengenezwa, omba picha yake kabla ya kutoa hata senti. Asilimia kubwa ya wauzaji hawajui hata kama kuna herufi pale.

Mimi nilitafuta mikono ya kranki ya mm 165 wakati kila mtu anauza 172.5. Nilikuwa nimeona kwenye resi kwamba wachezaji wanapunguza urefu, na Tadej Pogačar akahamia 165 mwaka 2024, mwaka ambao alibeba Giro d'Italia, Tour na ubingwa wa dunia wa Zürich. Basi baada ya hapo 165 ya mtumba ikawa haikai, na yangu ilikuwa tayari kwenye baiskeli, niliinunua kwa bei ya kitu ambacho hakuna anayekitaka. Nimeshatumiwa ofa nyingi, zingine nzuri kweli. Siuzi.

Magurudumu ya diski nilipata kwa kubadilishana na kuongezea kidogo. Angalia friwili ya habu (pale kaseti inapovaa) kabla hujafurahi: ya aina ya HG ya Shimano ya gia 11 ni ndefu kuliko ya gia 10 kwa mm 1.85, kwa hiyo kaseti ya 11 za barabarani mara nyingi haiingii kwenye habu ya zamani, na aina ya XDR ya kampuni ya SRAM ni kitu kingine kabisa. Watu wanaandika tu "inaingia zote." Si kweli. Na pima ekseli, kwa diski za siku hizi mbele ni mm 12 kwa 100, nyuma mm 12 kwa 142.

Baada ya mashindano ya dunia ya Kigali 2025, ya kwanza ya barabarani kufanyika Afrika, inboksi yangu ilijaa. Watu waliona wanaume wanakimbia km 267.5 za vilima na wamemaliza 30 tu, wote wanataka kaseti ya 11-34 (meno 11 mpaka 34, nyepesi kwa kupanda). Nilikuwa nazo, nilishajua njia ya Kigali muda mrefu kabla, nikazinunua mapema kwa watu waliokuwa wanarudi kwenye 11-28. Zimeondoka zote.

Kwenye kufunga mzigo, toa kibadilisha gia cha nyuma ukifunge kwenye sponji ndani ya fremu, ule mkono mdogo wa fremu unaokishika ndo wa kwanza kupinda. Weka kipande kigumu katikati ya miguu ya uma wa mbele na ya fremu nyuma ili boksi likikandamizwa isibane. Kama breki ni za mafuta, weka kipande cha plastiki katikati ya pedi, mtu akibonyeza breki njiani bila diski pistoni zinatoka na mnunuzi atakulaumu wewe. Piga video ukifunga, mwanzo mpaka mwisho, bila kukata.

Sasa hivi natafuta magurudumu ya kuingia tairi la mm 32, maana naona resi zinaelekea huko na zile rimu nyembamba zimeanza kujaa sokoni. Mwenye nayo aniandikie, picha ya rula iwepo.