Hedi ya E31, kabureta tatu za Solex na alama iliyonidanganya

Watu wasiopungua kumi waliniambia niachane na injini kuukuu ya gari langu. "Tia injini ya kisasa uendeshe gari," ndiyo ilikuwa kauli yao, na kila aliyeitoa aliamini anaokoa pesa zangu. Leo injini ile inaunguruma ikiwa na hedi ya E31 (hedi ndiyo sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu), kabureta tatu za Solex na dampa ileile iliyotoka nayo kiwandani, yaani puli ya mbele inayomeza mtetemo. Naandika haya kwa sababu nimechoka kuona vipuri ambavyo havitatengenezwa tena vikiuzwa kama chuma chakavu, kisa fundi mmoja mvivu kasema havifai.

Gari ni Datsun 240Z lililokimbizwa kwenye mashindano miaka ya 1970, kisha likaegeshwa. Injini yake ni L24: silinda sita kwa mstari, cc 2,393, kamshafti moja juu ya hedi, yaani mhimili unaofungua valvu, inayovutwa kwa cheni. Hii ndiyo aina ya gari ambayo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nayo tena 1973. Marekani nako John Morton alitwaa ubingwa wa taifa wa SCCA, chama cha mbio za magari cha huko, daraja la C Production mwaka 1970 na 1971. Sifa hizo zinampendeza mwenye gari, lakini zinamtesa mtafuta vipuri. Chochote kilichoandikwa 240Z kina bei ya kukutoa jasho.

Basi usitafute kwa jina la 240Z. Hilo nililigundua baada ya miezi mingi ya kuhangaika, na ningeambiwa mapema ningeokoa nusu ya nilichotumia. L24 ina ndugu. L16, ile ya silinda nne iliyokuwa kwenye Datsun 510, ina kipenyo cha silinda kilekile cha milimita 83, na roka zake, vile vikono vinavyosukuma valvu, ni zilezile. Hata vile vidonge vya chuma vinavyokaa juu ya shina la valvu, ambavyo roka inavikanyaga, vinaingiliana. Nilinunua debe zima la vitu vya L16 kwa mtu aliyetaka tu kusafisha gereji yake. Humo nilipata roka kumi na mbili nzima ambazo nyuso zake hazijachubuka. Kwa muuzaji wa vipuri vya 240Z, pesa ile isingenunua hata tatu.

Hedi ndiyo iliyonitesa. Iliyokuwa kwenye gari ilikuwa na ufa, na mimi nilitaka E31, hedi ya magari ya mwanzo, yenye valvu za kuingiza za milimita 42 na za kutoa za milimita 33. Muuzaji wa kwanza alinitumia picha ya hedi iliyong'aa, imepakwa rangi ya fedha kila mahali. Nikalipa. Ilipofika nikailoweka kwenye mafuta ya taa usiku kucha, asubuhi nikaisugua kwa brashi. Rangi ilianza kubanduka karibu na njia ya maji ya silinda ya nne, na chini yake nikaona kitu cha kijivu kilicholainika kama ubani. Nikakichokonoa kwa ncha ya bisbisi, kikatoka kipande kizima. Ilikuwa gundi ya chuma. Kutu ya alumini ilikuwa imekula kutoka kwenye njia ya maji hadi pale pete ya gasketi inapokalia, mtu akaziba na kupaka rangi. Muuzaji hakujibu tena. Tangu siku ile hedi iliyopakwa rangi siinunui. Afadhali yenye tope na masizi, maana tope halifichi kitu kwa makusudi.

Ya pili niliipata kwenye tangazo lililosema tu "hedi ya gari la zamani". Picha ilikuwa na giza, lakini nilipoikuza niliona E31 ubavuni, herufi zilizomwagwa pamoja na alumini. Nilimwomba muuzaji mambo matatu kabla ya kuzungumza bei. Kwanza, apime kimo cha hedi kwa vernia na kupiga picha namba ionekane. Hedi mpya ina takriban milimita 108. Ikipungua sana ujue imeskimiwa, yaani imesagwa uso wa chini, mpaka imekonda. Pili, anihakikishie kwamba vile vibebeo vitano vya kamshafti ni vya hedi hiyohiyo, kwa kuwa kiwandani vilitobolewa vikiwa vimefungwa juu yake, na cha hedi nyingine hakikai sawa. Tatu, anirekodie video akiizungusha kamshafti kwa mkono, roka zikiwa zimetolewa.

Kimo kilikuwa 107.6. Vibebeo vilikuwa vyake. Ila kwenye video kamshafti iligoma, ikazunguka alipotia spana tu, tena kwa kukwamakwama. Nikajua imepinda. Bei ikashuka, nikaichukua, na hapo ndipo ushauri mbaya ulipoanza kumiminika.

"Skimu tu." Kila mtu alisema hivyo. Hebu fikiria: injini imechemka, alumini imetanuka huku boliti zimeibana, hedi ikainuka katikati kama upinde. Ukiskimu chini, uso wa chini unanyooka. Je, juu ambako kamshafti inalala? Juu kunabaki upinde uleule, kamshafti inabanwa katikati na kula vibebeo vyake mpaka inakatika. Isitoshe, kila unachokikata chini kinaisogeza kamshafti karibu na krenki, mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni, na cheni inalegea.

Nilimpata mzee mmoja aliyetumia maisha yake kwenye hedi za alumini. Nilipomweleza, hakuuliza maswali mengi. Aliilaza hedi juu ya meza ya chuma, akaweka rula, akapitisha fila, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, katikati. Ya milimita 0.30 ikapita.

"Mzee, inafaa au nimetupa pesa?"

"Inafaa, mwanangu. Ila usinisukume. Hii inanyooshwa kwa moto na subira."

Alikuwa na bamba la chuma nene kama kiganja kilivyo kipana, limetobolewa matundu yanayolingana na ya boliti za hedi. Aliweka vipande vyembamba vya shaba chini ya ncha mbili za hedi, mbele na nyuma, kisha akazikaza boliti za katikati kidogokidogo mpaka katikati ikashuka na kuligusa bamba. Yaani aliipinda kinyume, zaidi kidogo ya ilivyopinda mwanzo, kwa sababu alumini ina tabia ya kurudi nyuma ukiiachia. Kisha bamba na hedi vikaingia pamoja kwenye tanuri, joto la zaidi ya nyuzi 200, saa kadhaa. Alipozima alikataa katakata nisifungue mlango wa tanuri. Ilipoe humohumo hadi kesho yake.

Asubuhi akalegeza boliti, akarudisha rula. Ya 0.05 ilikataa kupita. Akaipaka kamshafti mafuta, akaiteremsha kwenye vibebeo, akavikaza, halafu akaniashiria nijaribu. Niliishika kwa vidole viwili nikaizungusha, ikateleza mzunguko mzima bila kugusa popote. Nimeshawahi kushika vikombe vya ushindi, lakini raha ya vidole viwili vile siifananishi na kikombe chochote. Baada ya hapo ndipo akaskimu, unywele tu, na kuweka siti mpya za valvu, za chuma kigumu, kwa sababu petroli ya sasa haina risasi ya kuzilinda valvu.

Kamshafti ya mashindano ilikuwa imesagwa upya, kwa hiyo vidonge vya kawaida vilikuwa vyembamba mno kwake. Usikisie unene. Paka uso wa roka wino wa kalamu ya maka, zungusha injini kwa mkono, fungua uangalie kamshafti imefuta wapi. Alama inatakiwa ikae katikati, wino ubaki pande zote mbili. Yangu ilikuwa inafuta hadi ukingoni. Nilijaribu unene wa aina tatu kabla haijakaa, na nilizipima roka zote kumi na mbili, si moja tu kama nilivyoshauriwa.

Kabureta nilizipata moja moja, kwa watu watatu tofauti. Ni Solex 44PHH, zilizotengenezwa Japani na Mikuni kwa leseni. Nje zinafanana na 40PHH, na wapo wauzaji wasiojua tofauti, hivyo pima mwenyewe tundu la kipepeo, kile kibati kinachofungua njia ya hewa. Nilipozifungua nilivunja skrubu mbili za kipepeo kwa haraka yangu; ncha zake zimetanuliwa kwa makusudi zisijifungue, inabidi uzisawazishe kwanza kwa tupa. Viwambo vya pampu vilikuwa vimekauka kama ganda la mti. Nilibadilisha viwambo, gasketi na beringi za shafti, basi. Miili yenyewe ilikuwa mizima kabisa.

Injini ikafungwa, ikawaka, na ikawa haina nguvu. Inakohoa, mabomba ya ekzosi yanawaka mekundu, ukikanyaga inasitasita. Taimingi, yaani wakati wa cheche kupiga, nilikuwa nimeiweka kwa taa ya kupimia, nyuzi 20 kwenye alama ya dampa. Hapo wote wakarudi kwa sauti moja: "Tulikwambia! Solex hizo zitupe, nunua kabureta mpya za Weber." Nilibadilisha jeti, nikapanga upya mtiririko wa hewa kwa kuweka bomba la mpira sikioni na kusikiliza mluzi wa kila koo, mbili kwa kila kabureta, mpaka sita zote zikaimba sauti moja. Wiki tatu. Hakuna kilichobadilika. Nakiri nilifikia kupiga simu kuulizia bei ya Weber.

Kilichoniokoa ni ekzosi nyekundu. Mabomba kuiva namna ile kwa kawaida ni dalili ya cheche inayochelewa, na taa yangu ilikuwa inasema haichelewi. Kimoja kati ya hivyo viwili, ekzosi au taa, kilikuwa kinadanganya. Dampa ya L24 ina kitovu cha chuma, pete ya chuma ya nje, na raba katikati iliyogandishwa. Alama ya taimingi iko kwenye pete ya nje. Raba ikizeeka, pete inateleza, na alama inateleza nayo.

Nilichukua plagi kuukuu, nikavunja udongo wake wa ndani, nikapitisha boliti ndefu katikati na kuifunga. Nikaifunga kwenye silinda ya kwanza, plagi nyingine zote zikiwa nje. Nikazungusha krenki kwa mkono taratibu mpaka pistoni ikagusa boliti, nikaweka alama kwenye dampa. Nikazungusha kinyume mpaka ikagusa tena, alama ya pili. Kati ya alama hizo mbili nikabandika utepe wa karatasi, nikaukata palepale kwenye alama, nikaukunja nusu kwa nusu. Mkunjo ndiyo katikati, na katikati hiyo ndiyo nukta ya juu kabisa ya pistoni, haina ubishi. Alama ya kiwandani ilikuwa mbali nayo kwa upana wa kidole. Nyuzi zangu 20 zilikuwa kama nyuzi 8 tu. Kabureta hazikuwa na kosa lolote.

Mwingine akaja na jipya: weka puli nyepesi ya alumini isiyo na raba. Kwenye krenki ndefu ya silinda sita, inayojinyonga na kujinyongoa kila silinda inapopiga, dampa haipo kwa ajili ya mapambo. Ile raba ndiyo inayomeza mtetemo, na bila yake kwenye mizunguko ya juu krenki yenyewe ndiyo inayolipa. Nilituma dampa yangu kwa wanaogandisha raba upya. Ilikaa huko muda mrefu kuliko nilivyoahidiwa na gharama iliniuma, ila ilirudi na chuma chake kilekile, alama ikiwa imehakikiwa.

Kabla ya kuifunga nilichora mstari mmoja mwembamba wa rangi nyeupe kutoka kwenye kitovu, juu ya raba, hadi kwenye pete ya nje. Pete ikiteleza hata kidogo, mstari utakatika na nitauona bila kufungua kitu. Gari limeshakimbia msimu mzima sasa. Kila nikirudi nafunua boneti, namulika chini mbele ya injini, na mstari bado ni mmoja.